Nani Kaua? Mwongozo wa Kusoma Riwaya Mpya za Upelelezi kwa Anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mtu mpya anapojiunga na wasomaji wenzetu hapa Kisumu. Nianze na kitabu gani? Mbona majina yananichanganya? Nimefika katikati na sikumbuki aliyekufa ni nani, niendelee au niache? Yupo pia yule anayeuliza kwa aibu kama ni vibaya kuchungulia ukurasa wa mwisho. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye simu, kwa hiyo majibu ni haya hapa. Aliye Nakuru, Kakamega au Busia atayatumia vilevile. Kitakachobadilika ni mahali pa kununulia kitabu tu.

Kwanza uelewe jambo moja. Riwaya ya upelelezi haisomwi kama kitabu cha mtihani. Hakuna atakayekuuliza dhamira, wala mbinu za lugha, wala sifa tano za mhusika mkuu. Mwandishi anaficha, wewe unatafuta. Anayesoma kwa kungoja tu mpelelezi amweleze kila kitu sura ya mwisho amelipia tiketi ya mechi kisha akabaki nje ya uwanja akisikiliza makofi. Hatua zote zilizo hapa chini ni za kukuingiza ndani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu kimoja. Kimoja tu. Ukisoma riwaya mbili za mauaji kwa pamoja, kufikia Jumatano mshukiwa wa hiki atakuwa amehamia kile.
- Penseli, na kipande cha katoni kinachotoshana na kiganja. Ubavu wa pakiti ya majani chai unafaa kabisa. Kitakuwa alamisho na pia daftari lako.
- Saa moja na nusu hivi isiyokatizwa, kwa siku ya kwanza pekee. Siku nyingine soma unavyoweza.
- Taa isiyotegemea stima. Ukiwa na sura mbili tu za kumalizia, giza likiingia hutalala.
- Simu iliyozimwa data. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya nane.

Kamusi haihitajiki. Iache kwenye rafu.

Hatua

1. Chagua aina kabla ya kuchagua kitabu.

Majalada yote hudai kusisimua, kwa hiyo usiyategemee. Tazama maneno ya jalada la nyuma ujiulize: kitabu hiki kinaniuliza swali gani? Kikiuliza *nani kaua*, hapo kuna kundi dogo la watu, maiti, na muuaji aliye miongoni mwao. Kikiuliza *watamzuia kwa wakati?*, hiyo ni riwaya ya mbio: mhalifu huenda ukamjua tangu ukurasa wa pili, na kazi yako ni kukimbia naye tu. Kuna za polisi, zinazokwenda taratibu, faili kwa faili, siku kwa siku. Na kuna zile za nyumbani, za mume, mke na jirani, ambamo anayekusimulia hadithi ndiye huenda anakudanganya. Hizi za mwisho zimejaa kwenye rafu miaka ya karibuni, na watu wengi wanaoanza nazo hukata tamaa kwa sababu hawajazoea kumshuku msimulizi.

Ushauri wangu: anza na ya *nani kaua*, yenye kurasa zisizozidi 300. Kisha nenda za polisi. Za nyumbani ziweke za tatu.

Unaposema unataka ya Kiswahili, ujue kwamba aina hii ya riwaya kwetu si changa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa wa kiko, bado anasomeka vizuri. Si kitabu kipya, lakini ni shule nzuri ya kujifunza jinsi dokezo linavyofichwa. Ukitaka ya sasa yenye harufu ya Kenya, na Kiingereza hakikusumbui, tafuta *Nairobi Heat* ya Mukoma wa Ngugi, halafu mwendelezo wake, *Black Star Nairobi* wa 2013. Usivigeuze mpangilio.

2. Kikague kitabu kabla hujalipa.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ukinunua kipya dukani, huna kazi kubwa. Ukinunua cha mitumba, iwe ni soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili au kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara mjini Nakuru, wale ambao lazima uiname ndipo uone, fanya haya yote kabla ya kuongea bei:

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Tafuta mwaka wa kwanza kuchapishwa. Jalada jipya linalong'aa mara nyingi limevishwa kitabu cha miaka ya 1980, hasa filamu ikiwa imetoka. Hakuna ubaya kusoma cha zamani, ila usilipe bei ya kipya.

Angalia pia kama kitabu kina jina la pili. Riwaya zinazotoka Uingereza na Marekani wakati mwingine hupewa majina mawili tofauti. Ile ya Richard Crompton kuhusu mpelelezi Mmaasai jijini Nairobi iliitwa *The Honey Guide* Uingereza na *Hour of the Red God* Marekani. Hadithi ni moja. Mtu anaweza kununua zote mbili akagundua ukurasa wa kumi.

Kisha hesabu kurasa za mwisho. Hili ndilo muhimu kuliko yote, na linafanywa hivi: fungua nyuma, funika maandishi kwa kiganja chako cha kushoto, acha namba ya ukurasa tu ionekane pembeni, halafu pindua kwa kidole gumba cha kulia. 311, 312, 313. Ukiona imeruka kutoka 304 hadi 313, rudisha. Vitabu vya bandia, vile vilivyochapwa kwa wizi, huruka kurasa, wino hufifia katikati, na mgongo huachia ukifungua kwa nguvu. Riwaya ya mapenzi ikikosa kurasa nane unaweza kubahatisha. Hii huwezi.

Mwisho, pitisha macho pembezoni haraka. Kuna wamiliki wa awali wenye roho mbaya wanaozungushia jina la muuaji duara kwa kalamu nyekundu.

Usipotaka gharama, maktaba za umma zipo Kisumu, Nakuru na Kakamega. Riwaya kwa kawaida hupangwa kwa jina la ukoo la mwandishi, kwa hiyo nenda ukilijua. Wa kusomea simu nao wasikose: maduka mengi ya vitabu vya kidijitali huruhusu usome sura za mwanzo bure. Zisome kabla hujatoa shilingi.

3. Soma kurasa 50 za kwanza kwa mkao mmoja.

Usizigawe. Ndani ya kurasa hizo mwandishi anakutambulisha kwa karibu watu wote wanaohusika, na ukisoma tano leo na tano keshokutwa hutawashika. Safari ya matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu inazitosha kurasa hizo na chenji ikabaki, ikiwa zile kona za Kericho hazikupi kichefuchefu.

Ziko kanuni za kale kuhusu hili. Mwaka 1929 padre mmoja Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi kwa waandishi wenzake. Ya kwanza ilisema mhalifu lazima atajwe mapema katika hadithi. Waandishi wa leo huvunja nyingi katika zile kumi bila wasiwasi, lakini hiyo ya kwanza bado wengi huiheshimu. Maana yake kwako ni hii: muuaji karibu kila mara umeshakutana naye kabla hujafika ukurasa wa 80. Huenda alikuwa anamimina chai.

4. Jaza kadi ya majina.

Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto, halafu hao hao ndio wanaonipigia wakiuliza Peggy alitoka wapi.

Chora mistari miwili kwenye kile kipande cha katoni upate safu tatu: jina pamoja na majina yake mengine yote, ni nani kwa marehemu, amesema alikuwa wapi. Tuseme hadithi inahusu mwenye hoteli aliyekutwa amekufa ufukweni Dunga. Mstari mmoja wa kadi utakuwa hivi:

*Nafula (pia: mpishi, Mama Brian) / anamdai marehemu mshahara / anasema alikuwa jikoni mpaka saa nne usiku, uk. 37*

Umeona namba ya ukurasa? Usiisahau. Na umeona neno *anasema*? Andika alichosema, usiandike unachofikiri. Ukiandika "alikuwa jikoni", kufikia ukurasa wa 200 utakuwa umeamini, na huenda hakuna aliyemwona huko.

Tahadhari tatu kuhusu kadi:

Ya kwanza, lakabu za Kizungu. Peggy ni Margaret. Bill ni William, Jack ni John, Dick ni Richard, Bob ni Robert. Mwandishi wa Uingereza hakuelezi kwa sababu anadhani unajua. Mtu mmoja ataitwa William na mkewe, Bill na rafiki zake, na kwa jina la ukoo na polisi. Kila ukikutana na jina jipya baada ya ukurasa wa 100, jiulize kwanza kama si mtu wa zamani.

Ya pili, saa. Kitabu cha Kiingereza kikisema 9 pm, amua utaandika kwa mtindo gani kwenye kadi na ushikilie huohuo. Nimeona kadi yenye "saa 9" ambayo mwenyewe hakukumbuka kama ni alasiri au usiku, na hadithi nzima ilitegemea hapo.

Ya tatu, usijaze kila anayepita. Dereva wa teksi asiye na jina mwache aende zake. Akirudi mara ya pili, mwandike.

5. Jua mambo machache ya ugenini.

Riwaya nyingi mpya zinazotufikia zinatokea London au Chicago, na mambo madogo ya huko hutupotosha. Haya ndiyo yanayosumbua zaidi:

Kwenye vitabu vya Uingereza, DCI ni cheo cha mtu, mkaguzi mkuu wa upelelezi anayeongoza uchunguzi. Hapa kwetu DCI ni idara nzima ya upelelezi, ile yenye makao barabara ya Kiambu. Ukisoma "DCI aliwasha sigara", ni mtu huyo, si ofisi.

Ghorofa ya kwanza ya Marekani ndiyo ile tunayoita chini. Ya Uingereza ni kama yetu, unapanda ngazi kwanza. Shahidi akisema alimwona mtu dirishani ghorofa ya kwanza, lazima ujue kitabu ni cha wapi kabla hujaamua kama anadanganya.

Tarehe ya Marekani hutanguliza mwezi. Barua iliyoandikwa 4/7 ni ya Aprili, si Julai.

Mahakamani, huko kuna raia 12 wanaokaa pembeni na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kenya hatuna, kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu na jaji ndiye anayeamua. Ndiyo maana mawakili wa kwenye riwaya hizo huigiza sana.

Na kuhusu maiti: mwili huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, kuanzia taya na shingo, ukakaza wote baada ya muda wa saa 12 hivi, kisha ukalegea tena siku ya pili au ya tatu. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Daktari wa kwenye riwaya akisema "aliuawa kati ya saa hii na hii", ukaona mahali fulani kwamba mtu aliacha dirisha wazi usiku wa theluji au aliwasha moto chumbani, shika hapo.

6. Simama kabla ya mwisho, uandike jina.

Utajua muda umefika mpelelezi anapoanza kunyamaza. Anasema "sasa naelewa" na hamwambii mtu. Ukisomea simu, huwa karibu asilimia 80 ya kitabu. Kwenye karatasi, ni pale kurasa zilizobaki zinapokuwa nyembamba kuliko kidole. Funga kitabu. Soma kadi yako yote. Kisha jiulize haya matatu.

Nani alizungumzia jambo ambalo hakuna aliyemwambia? Hili ndilo dokezo linalotumika sana, na ndilo linalopita wengi. Polisi walisema marehemu "amekufa" tu, halafu mtu mmoja kwenye chai akasikitika kuhusu "kile kisu". Rudi kwenye namba za kurasa ulizoandika, usome mazungumzo upya, mstari kwa mstari.

Kitu gani kilielezwa kuliko kinavyostahili? Sentensi tatu kuhusu saa ya ukutani isiyofanya kazi hazikuwekwa pale kwa mapambo.

Nani aliondolewa lawama mapema mno? Mtu aliyekuwa na ushahidi safi kabisa kufikia ukurasa wa 60, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena, mrudishe kwenye orodha.

Usimchague mtu kwa sababu ni mkali, au mlevi, au ana kovu. Huyo amewekwa hapo akuvute macho. Andika jina moja nyuma ya kadi, pamoja na sababu kwa maneno machache. Majina mawili ni woga.

7. Maliza, kisha rudi mwanzo kwa dakika kumi.

Soma sura za mwisho bila kukatizwa. Ukimaliza, usikifunge. Rudi sura ya kwanza na ya pili uyasome tena, sasa ukiwa unamjua muuaji. Utaona mahali mwandishi alipokuonyesha jambo waziwazi akakufanya utazame kwingine. Ukifanya hivi kwa vitabu vitatu vinne, macho yako yatakuwa yamebadilika. Ukiona mwandishi hakukuonyesha chochote, dokezo la maana likatokea ukurasa wa 290 kutoka hewani, basi amekuchezea rafu, na una haki ya kulalamika.

8. Zungumza bila kumwaga mtama.

Ukiwa na wenzako wanaosoma kitabu hichohicho, taja kwanza umefika sura ya ngapi, ungoje wajibu, ndipo useme. Usitume sauti ndefu ya dakika nne ambayo mtu hajui itamwaga nini wapi. "Sisemi kitu, lakini utashangaa na yule dada" ni kusema kila kitu.

Na data izimwe mpaka umalize. Ukiandika jina la mhusika mtandaoni kutafuta tahajia yake tu, pendekezo la kwanza linaweza kukuletea jina lake na neno "muuaji" sambamba.

Ukikwama

*Nimemjua muuaji ukurasa wa 50.* Huenda umemjua, huenda umenaswa. Andika jina na uendelee, lakini sasa badilisha swali: soma ukitafuta *kwa nini* na *kwa vipi*. Ukiwa sahihi, hayo mawili bado ni yako kuyapata.

*Niliacha wiki mbili, nimesahau kila kitu.* Usianze upya. Soma kadi, kisha kurasa tano za mwisho ulizosoma. Isipokusaidia, kadi yako ilikuwa na upungufu. Rudi kurasa 50 za kwanza pekee.

*Hadithi inaruka mbele na nyuma.* Uliyesoma fasihi sekondari unaijua mbinu rejeshi. Tazama kichwa cha kila sura, aghalabu kuna tarehe au jina la anayesimulia. Weka tarehe hizo kwenye ukingo wa kadi kwa mpangilio wa matukio, si wa sura. Ambapo hakuna tarehe kabisa, mwandishi amekuficha kwa makusudi, na hilo lenyewe ni dokezo.

*Kiingereza ni kigumu.* Ruka. Maneno ya hali ya hewa, ya mavazi na ya samani yaruke bila kuangalia nyuma. Yasiyorukwa ni majina ya sumu, dawa, zana na undugu. Hayo yatafute jioni, usisimame njiani.

*Nimeanza na kitabu cha nne cha mfululizo.* Kesi yenyewe kwa kawaida inajitegemea. Utakachoharibikiwa ni maisha ya mpelelezi: nani alifariki, nani aliachana na nani. Kama umeshapita katikati, maliza, kisha nenda cha kwanza.

*Inatisha, silali.* Zipo riwaya za upole ambamo mauaji hutokea nje ya macho yako na uchunguzi hufanywa na wastaafu wakinywa chai. Hamia huko bila aibu. Mambo ya watoto kudhurika ndiyo yanayoumiza wengi; muulize aliyekwisha kukisoma swali hilo moja tu, na umwambie ajibu ndiyo au hapana.

*Kurasa za mwisho hazipo.* Uliruka ile kazi ya kiganja kwenye hatua ya pili. Mrudishie muuzaji siku hiyohiyo, wengi hubadilisha wakikujua kwa sura. Ikishindikana, ulizia maktaba kama wana nakala, uombe kusomea palepale mezani. Usikubali mtu akusimulie mwisho kwa simu, hata akiapa ataruka jina.